Kahawa Ingali Ua: Mjadala wa Rugu juu ya Gharama ya Chuo Kikuu

Katika vibanja vya Rugu, wilayani Karagwe, mwezi wa Oktoba huleta mambo mawili ambayo hayajapata kusikilizana: mibuni hupasua maua meupe ambayo harufu yake huingia mpaka vyumbani, na vyuo vikuu huita wanafunzi wapya. Mbuni wenye ua hauna fedha. Kahawa ya msimu uliopita imekwisha kupelekwa chama cha msingi na kuuzwa mnadani, na malipo yake yamegawanyika baina ya deni la dukani, bati za jiko na sare za watoto wadogo, ilhali kahawa ijayo haitaanza kuchumwa kabla ya mwezi wa Mei. Na katika kipindi hicho kikavu ndipo mzazi aliyejaaliwa mtoto mwenye akili huletewa hesabu ya ada, ya nauli na ya godoro.

Baraza ninalolisimulia lilikutana Jumapili alasiri mbele ya nyumba ya mwalimu mstaafu, penye kivuli cha migomba, na waliosema walikuwa wanne: mwalimu mwenyewe, karani wa chama cha msingi cha ushirika, kijana mwenye shahada ya ualimu ambaye kwa sasa huendesha bodaboda, na mama mmoja mkulima ambaye binti yake alikuwa amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majina yao nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa maneno yao yangeweza kutoka katika nyumba yoyote ya kata ile, na hata ya wilaya ya Kyerwa, ambayo 2012 ilimegwa kutoka Karagwe isimegwe na tabia zake wala zao lake.

Mama ndiye aliyezusha mazungumzo. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, naye aliikunjua juu ya goti na kuilainisha kwa kiganja, kama mtu anyooshaye kitambaa kabla ya kukikata.

MAMA: Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kusomewa hesabu, maana binti ameniandikia, na mimi nataka niisikie kwa kinywa cha mtu mwingine nijue kama sikukosea. Amepata mkopo, na nimemshukuru Mungu. Walakini hakupata wote. Fedha ya chakula na malazi amepewa. Katika ada amepewa nusu. Nusu iliyobaki na nauli na vitu vya kuanzia ni juu yangu, na jumla yake ni shilingi 600,000, na chuo kinafunguliwa wiki mbili zijazo.

MWALIMU: Marahaba, mama. Hukukosea. Hesabu ndiyo hiyo, nami naisoma kwa haya, kwa sababu mimi sikupata kuletewa karatasi kama hii maishani mwangu. Chuo kile kilizaliwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya bendera yetu kupandishwa, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na nchi iliyokuwa fukara kuliko tulivyo leo ikakubali kuwalisha, kuwalaza na kuwafundisha. Nami nilipofika chuoni hapo, Mlimani, baada ya Azimio la Musoma la 1974, nilikuwa nimekwisha kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwanza, kama azimio lilivyotaka. Nikapewa kitanda, nikapewa sahani, nikapewa na kitabu. Hakuna aliyeniuliza baba yangu ana mibuni mingapi. Mwalimu Nyerere alikuwa akitufananisha na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Na kwa mfano ule kila mmoja wetu alijua kwamba anadaiwa, tena deni kubwa kupita la fedha. Nimefundisha miaka 30 katika shule za mkoa huu. Hayo ndiyo malipo yangu, nami siyaonei aibu.

KARANI: Kwa heshima zote, Mwalimu, mfano ule una tumbo la njaa ndani yake, nawe umelipita upesi. Kijiji kilimpa mtu mmoja chakula. Hakikuwapa watu laki mbili. Nyinyi mlikuwa wachache, na nchi ilikuwa na haja ya kila mmoja wenu. Leo waliosoma ni wengi, na baadhi yao, kama ndugu yetu huyu, wako juu ya pikipiki. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 ikaanza kazi Julai 2005. Katika mwaka wa fedha 2020/21 ilitengewa shilingi bilioni 464, na mwaka 2024/25 zilikuwa bilioni 787. Fedha hizo zinatoka wapi? Zinatoka katika sukari anunuayo huyu mama, katika mafuta ya taa ya jirani yake ambaye watoto wake wote waliishia darasa la saba. Mtu ambaye mtoto wake hatafika chuo kikuu amlipie mtoto wa mwingine, kisha yule msomi apate mshahara wa mjini na jirani abaki na jembe! Mkopo una insafu: aliyekula ndiye alipe. Nami naona zahanati isiyo na dawa ina haki ya kwanza mbele ya chumba cha mihadhara.

Hapa yanipasa kuingia kati na kukiri kwamba hoja ya karani ni nzito, na kwamba wengi wanaotetea elimu ya juu ya bure huizunguka pembeni wasiiguse. Chuo kikuu kilichogharimiwa na wote na kuingiwa na watoto wa wachache ni dhuluma iliyovaa joho. Lakini karani, pamoja na ujuzi wake wa hesabu, alichanganya mambo mawili: ni nani hatimaye achukue gharama ya masomo, na ni nani atoe fedha siku mlango unapofunguliwa. Lile la kwanza laweza kujadiliwa mpaka usiku. La pili ndilo lililomleta mama na karatasi yake.

KIJANA: Bwana Karani, pikipiki sikuichagua mimi, na deni ninalo. Sheria iliporekebishwa 2016, makato ya mwenye mshahara yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na juu yake kulikuwa na nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Nina rafiki zangu waliokuwa wakilipa kila mwezi na deni likinenepa, kama mtu achotaye maji kwa kikapu. Rais Samia aliiondoa nyongeza ile siku ya Mei Mosi 2021, na walimu wengi walilia kwa furaha. Mimi mshahara sina. Lakini deni halijanisahau. Nasema hivi: kama elimu yangu ni mali yangu peke yangu, kama ng'ombe niliyemnunua, basi nilipe. Lakini watoto nitakaowafundisha, siku nitakapoajiriwa, watakuwa watoto wa nani?

MWALIMU: Wa Rugu.

KIJANA: Wa Rugu, Mwalimu. Na hao hawatakatwa asilimia 15.

KARANI: Watakuwa wa Rugu kama utarudi Rugu. Wangapi wamerudi? Nyinyi vijana mnasahau, na Mwalimu anakumbuka vizuri, kwamba Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kukataa kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa asilimia 40 ya mshahara, nao walikuwa wamesomeshwa bure! Wakarudishwa makwao wapatao 400, na Rais Nyerere mwenyewe akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Bure haimfanyi mtu awe na shukrani.

MWALIMU: Ni kweli, iliwahi kutokea, na ilimuumiza Rais. Lakini tazama aliyekatwa mshahara siku ile. Kiongozi aliona kwamba kudai kwa msomi kunaanza kwa kudai kwa mkubwa. Aghalabu watu hukumbuka kufukuzwa kwa wale vijana na kulisahau lile fungu la mshahara. Nami naona lile fungu ndilo somo lenyewe. Na kuhusu shukrani, Bwana Karani, deni lenye tarakimu haliifundishi pia. Aliyemaliza kulipa hujiona amekwisha na watu.

Karani hakujibu mara moja. Alikuwa mtu mwenye insafu, na aliposhindwa na neno alilitazama kwanza. Mwalimu akaitwaa nafasi ile akasema jambo ambalo kwangu lilikuwa la maana kuliko kumbukumbu zake za Mlimani: kwamba tangu Januari 2016 mtoto wa Tanzania halipi ada ya shule ya serikali mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita, na ni jema kubwa ambalo vibanja vya Karagwe vimelionja; lakini daraja lililojengwa toka ukingoni, nguzo baada ya nguzo, likasimama pale mto ulipo na kina, humfikisha msafiri mahali ambapo hawezi kuvuka wala hataki kurudi.

KARANI: Ndipo penye mkopo.

MAMA: Ndipo penye nusu ya mkopo, baba. Nusu ya daraja mtu huivukaje? Nisikilizeni, nami niseme, maana nyinyi mnalinganisha zamani na sasa, na mimi nina wiki mbili. Kuomba kwenyewe kuligharimu shilingi 30,000 za fomu, na nauli ya kwenda Kayanga kwa ajili ya intaneti mara tatu, na cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa, na cha kifo cha baba yake kuhakikiwa, na mhuri wa serikali ya kijiji, na mdhamini mwenye kitambulisho na picha. Nimeyafanya yote, sikunung'unika, kwa kuwa anayeomba lazima ajieleze. Kisha mtu asiyejua kibanja changu kiko upande gani wa kilima akapima umaskini wangu akaona ni nusu. Nusu hiyo nitaitoa wapi Oktoba? Mnajua nitakapoitoa, ila hakuna anayependa kulitaja.

Tulijua. Neno lenyewe ni butura, na hakuna mtoto wa Kagera asiyelijua: ni kuuza kahawa ingali ua, au ingali mbichi mtini, kwa bei aitajayo mwenye fedha, na mavuno yanapofika mwenye mti huchuma kwa mikono yake mali isiyo yake tena. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na kutishia wanunuzi kwa mashtaka. Nayo huendelea, kwa kuwa inafanyika jikoni, baina ya watu wawili, bila ya karatasi.

MAMA: Hesabu nitaifanya mwenyewe. Tuseme mnadani kilo ya kahawa ya maganda itakwenda kwa shilingi 4,000. Mwenye fedha atanipa leo 1,500, maana naye anasema anajiweka katika hatari ya ukame. Ili nipate 600,000 nitamwandikia kilo 400. Lau ningengoja mpaka mnada, kilo 150 zingetosha. Basi kilo 250 zimekwenda wapi?

KIJANA: Ni shilingi milioni moja, mama.

MAMA: Milioni moja, mwanangu. Nimelipa milioni moja na laki sita ili nipate laki sita, kwa miezi minane. Bwana Karani amesema aliyekula ndiye alipe. Mimi sijala kitu, na binti yangu hajaingia hata darasani.

Nimelikariri jibu hilo kichwani mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo mijadala yetu mikubwa juu ya elimu ya juu hupita juu yake bila ya kulikanyaga. Tunabishana kama ada ya chuo cha umma ni milioni moja au zaidi kidogo, na kama fedha ya chakula, ambayo wanafunzi huiita bumu, yatosha kuwa shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500. Na kila mmoja huhesabu kana kwamba shilingi ya maskini na shilingi ya mwenye mshahara zina uzito mmoja. Hazina uzito mmoja. Mwenye mshahara akitakiwa kuchangia laki sita hutoa laki sita, pengine kwa mafungu. Mkulima wa zao la mara moja kwa mwaka akitakiwa laki sita mwezi wa maua, hutoa milioni moja na laki sita, na ile ziada haiandikwi katika stakabadhi ya chuo chochote. Kwa hiyo kanuni ya kugawana gharama, iliyoletwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa hoja kwamba kila mtu atachangia kwa kadiri ya uwezo wake, imemfanya asiye na uwezo achangie kupita mwenye nao, na fedha hizo zisiifikie Hazina wala chuo, ziishie kwa mnunuzi wa butura. Sioni kanuni yoyote ya serikali yenye hasara ya pande zote namna hii.

Karani alijaribu njia nyingine, tena nzuri. Alitukumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kikijengewa tawi Karabagaine, Bukoba Vijijini, kwa mradi wa elimu ya juu ulioanza 2021, na kwamba mtoto wa Karagwe atakayesoma huko ataepuka safari ya zaidi ya kilomita 1,400 na godoro la kununua ugenini.

KIJANA: Tutalishukuru tawi hilo likifunguka. Ila angalia lilivyopatikana, Bwana Karani: mradi ule ni mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Taifa zima lilikuwa na haja, likakopa, na likapewa fedha ya kuanzia kazi likiambiwa malipo ni baadaye. Hakuna aliyeliambia lilete nusu kwanza Oktoba. Mbona taifa linajua kukopa namna hiyo kwa ajili yake, na halijui kumkopesha huyu mama namna hiyo hiyo? Na tena lajua kutoa bila ya kudai, maana Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi, si mkopo.

KARANI: Hiyo ni tuzo ya hodari, nayo aghalabu humwangukia aliyesoma shule yenye maabara. Kama ni ruzuku, mimi ningeipa fukara kabla ya hodari.

MAMA: Ndilo nisemalo.

KARANI: Lakini fukara ni nani, mama? Ukisema fukara apewe yote, kesho kila mtu ni fukara. Wakenya mwaka 2023 walijaribu kuwapanga wanafunzi kwa makundi ya uwezo, na wazazi wakapiga kelele nchi nzima mpaka mahakamani. Sisi wenyewe tuliwahi kupanga madaraja, huyu asilimia 100, huyu 80, huyu 60, na vyuo vikagoma. Umaskini haupimiki kwa rula.

MWALIMU: Basi tusiupime kwa rula nyembamba hivyo. Mtu wa kaya iliyokwisha kutambuliwa na TASAF kuwa maskini, yatima, mtoto wa mkulima asiye na kipato kingine, awe amepimika, tusimkate vipande. Fundi akipima ubao kwa nywele, atakesha na kitanda hakitalalika. Heri serikali ikosee kwa kumpa yote mmoja asiyestahili, kuliko kumpa nusu mia wanaostahili. Na iwapo lazima kudai, idai baadaye, kwa mwenye mshahara, na kwa kiasi kisichomfanya mwalimu mpya aanze kazi akiwa tayari amechoka.

KARANI: Na zahanati yangu?

MWALIMU: Zahanati yako inangoja daktari, na daktari huyo ni mtoto wa mtu anayeuza maua leo.

Sikuona kwamba neno hilo lilimaliza hoja ya karani, wala yeye hakuona. Zahanati inangoja dawa pia, na dawa haisomi. Lakini alifanya jambo ambalo wasemaji wengi wa majukwaani hawalifanyi. Aliiomba karatasi ya mama, akatoa kalamu, akaandika pembeni mwake hesabu ya kilo zake za misimu mitatu kama alivyoikumbuka kutoka katika daftari la chama, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, kwa nini chama kinachojua kila kilo ya huyu mama kisiweze kumwazima laki sita mpaka mnada, kwa riba ya haki, na kukata chake mezani siku ya malipo. Mwalimu akasema liandikwe, lipelekwe mkutano mkuu. Kijana akauliza mkutano mkuu ni lini. Ulikuwa mwezi wa Februari.

Naamini karani alikusudia kweli, na naamini vilevile kwamba si kazi ya chama cha msingi cha wakulima kuziba pengo lililoachwa na Jamhuri ya Muungano katika bajeti yake. Taifa linaloweza kuondoa ada ya kidato cha sita kwa tamko moja la bajeti linaweza kutoa fungu la kwanza, lote, kwa watoto wa kaya kama hizi kabla basi halijaondoka stendi ya Kayanga. Kiasi hicho ni kidogo katika zile bilioni 787 za Bodi ya Mikopo, na kwa huyu mama ni mavuno ya mwaka.

Jua lilipolala nilimsindikiza mama njia ya kibanja chake, kwa kuwa ilikuwa njia yangu pia. Mibuni ilikuwa imechanua mstari kwa mstari chini ya migomba, na maua yake, ambayo hayadumu ila siku chache, yalikuwa yameanza kupata wekundu pembeni. Alisimama mbele ya miti ya upande wa juu, akashika tawi moja kwa vidole viwili, akahesabu vifundo vya maua kimyakimya toka shinani mpaka nchani, akaliachilia, akashika jingine. Nilimwuliza kama atangoja neno la karani. Alisema chuo hakingoji, na kwamba mtu atakuja Jumamosi, asubuhi, kuitazama miti.

Kisha akaniomba nimwandikie binti kwa simu yangu, maana yake ilikuwa imekwisha chaji: nimwambie kwamba fedha imepatikana, asome kwa utulivu, na asiulize imetoka wapi.